Mbwa wa Msasi Apikiwe

Mbwa wakubwa wa kazi wa Arua na Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, wale wa kukimbia vichakani wakati wa kiangazi na wale wa kulinda maduka na maboma usiku, hula nyama ikiwa mbichi karibu kila mara wanapoipata. Nyama hiyo haitoki kwenye ndoana ya bucha. Hutoka pembeni mwa machinjio: pafu lenye madoa, kipande cha ini ambacho mkaguzi amekikata na kukitupa, wengu, matumbo yasiyooshwa, kichwa cha mbuzi kilichokwisha kunyofolewa. Siku za sikukuu hutoka uani, anapochinjwa mbuzi wa familia na watoto wakashangilia mbwa akidaka mapafu hewani. Na ng'ombe akijifia malishoni, mbwa huwa wa kwanza kufika. Mwenye mbwa huona hiyo ni neema, kwa kuwa chakula hicho hakina bei.

Bei ipo, ila hulipwa na mtu mwingine na baada ya miaka. Msimamo wa makala haya ni kwamba mbwa mkubwa anayekimbia na kufanya kazi anastahili nyama, tena zaidi ya anayopata sasa, lakini katika West Nile nyama hiyo ipite kwanza kwenye chungu. Ini, mapafu na vichwa vibichi visiingie kinywani mwa mbwa yeyote, awe wa tajiri wa Mvara au wa mkulima wa Ludara.

Mwili wa mbwa anayefanya kazi

Mbwa mzima wa kilo 30 anayeishi uani bila kazi nzito anahitaji takriban kilokalori 1,450 kwa siku. Akikimbia nusu siku kwenye majani makavu, mahitaji yake hupita 2,000. Mbwa wa Alaska wavutao sleji kwenye theluji, katika mbio za siku nyingi, hufikia 10,000 na zaidi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hutoka kwenye mafuta. Hapo ndipo mbwa anapotofautiana na mkimbiaji wa kibinadamu: binadamu hujaza wanga kabla ya mbio ndefu, mbwa hudumu kwa mafuta.

Sasa itazamwe sahani yake. Katika nyumba nyingi za Arua na Koboko mbwa hula mabaki ya ugali wa muhogo au posho ya mahindi. Nusu kilo ya unga wa muhogo humpa nguvu ya siku nzima, lakini protini yake haizidi gramu 15. Mbwa huyo wa kilo 30, hata asipofanya kazi nzito, anahitaji kama gramu 36. Unga wa mahindi ni afadhali, kwa sababu nusu kilo hukaribia gramu 40, ila ni protini pungufu, haina lisini na triptofani za kutosha kujenga misuli. Matokeo yanaonekana barabarani: mbavu zinazohesabika, manyoya yasiyong'aa, majike yanayozaa watoto sita na kulea wawili. Mbwa wa namna hiyo akiona pafu limetupwa, nani wa kumlaumu?

Kwa hiyo wanaosema mbwa wa kazi hawezi kuishi kwa posho tupu wana haki. Kosa lao linaanzia hatua inayofuata, wanapodhani kuwa kinachokosekana kwenye sahani ni ubichi.

Hoja ya ubichi

Ubichi una watetezi wenye elimu. Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alitoa kitabu kilichoeneza ulishaji wa nyama na mifupa mibichi kwa mbwa wa mjini, na tangu hapo wafugaji wengi wa mbwa wa mashindano na wa kuwinda huko Ulaya na Marekani wamefuata njia hiyo. Kanuni inayotajwa sana kati yao ni sehemu 80 za nyama ya misuli, 10 za mifupa inayolika na 10 za viungo vya ndani, nusu ya hivyo vya ndani ikiwa ini, na jumla ya chakula cha siku iwe asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa mbwa. Hoja yao kuu ni kwamba mbwa ni mbwamwitu aliyefugwa, na mbwamwitu hapiki.

Hoja hiyo inasahau mbwa alikoishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionesha kuwa mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga kuliko mbwamwitu. Kukaa na wakulima kwa maelfu ya miaka kumembadilisha tumbo. Mbwa wa asili wa ukanda huu, kutoka kaskazini-mashariki ya Kongo hadi Sudan Kusini, ni ndugu wa wale waliopelekwa Uingereza na kuoneshwa kwenye maonesho ya mbwa ya Crufts, London, mwaka 1937 kwa jina la basenji. Hao ni wasasi hodari, wepesi, wenye pumzi ndefu, na vizazi vyao vimeishi kwenye vijiji vya watu wanaolima na kupika.

Yapo pia mambo ya ukweli upande wa ubichi, na ni haki kuyataja. Mfupa mbichi huvunjika kwa ulaini kuliko mfupa uliopikwa au kuchomwa, ambao hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Kutafuna husafisha meno. Nyama mbichi nzuri humeng'enywa vizuri. Lakini nyama iliyopikwa nayo humeng'enywa vizuri, na hakuna kirutubisho cha nguvu za mbio kinachotoweka chunguni kiasi cha kumfanya mbwa ashindwe kazi.

Kuna hoja nyingine isiyotoka vitabuni, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi mitaani: kwamba damu humfanya mbwa awe mkali. Walinzi huamini hivyo, na vijana wenye mbwa wakubwa wa Kijerumani huamini hivyo zaidi. Ukali wa mbwa hutokana na ukoo, malezi na mafunzo. Wahenga walilijua hilo waliposema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Walimtaja bwana wake, hawakutaja damu. Mbwa mwenye njaa anayerushiwa nyama mbichi mara moja kwa wiki hujifunza kugombea chakula, na atakayeumwa kwanza ni mtoto wa nyumba anayepita karibu na sahani.

Safari ya tegu

Hatari kubwa kuliko zote katika viungo vibichi ni mdudu asiyeonekana kwa urahisi. Ni tegu mdogo, urefu wake milimita chache tu, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbwa hamhisi. Hula, hukimbia, hulinda kama kawaida, huku mayai ya tegu yakitoka na kinyesi chake na kushika kwenye manyoya, kwenye udongo wa ua, kwenye mboga za bustani na kwenye maji ya kisima kisichofunikwa. Mbuzi, kondoo na ng'ombe huyala kwenye majani. Ndani yao yai huwa kifuko cha maji, mara nyingi kwenye ini au mapafu. Kifuko hicho ndicho mkaguzi wa nyama anachokiona machinjioni na kukikata. Mbwa akikila kibichi, baada ya wiki sita au saba anakuwa na tegu wakubwa wanaotaga, na safari inaanza upya.

Binadamu huingia njiani kwa bahati mbaya. Mtoto hucheza na mbwa, hushika manyoya, kisha hula embe kwa mikono ileile. Yai moja linatosha. Kifuko hukua polepole ndani ya ini au pafu lake kwa miaka, bila maumivu, mpaka kinapokuwa kikubwa kiasi cha kubana viungo vingine. Kikipasuka ndani ya mwili, huweza kuua ghafla au kusambaza vifuko vingine vidogo. Tiba ni vidonge vya albendazoli kwa miezi, au kufyonzwa kwa sindano chini ya picha ya mashine, au upasuaji. Kwa familia ya Koboko, upasuaji una maana ya safari ya Arua au mbali zaidi, mbuzi waliouzwa, msimu wa kulima uliopotea na mama aliyeacha watoto wengine kwa jirani.

Afrika Mashariki inaujua ugonjwa huu vizuri. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imekuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi duniani, kiasi kwamba shirika la AMREF lilianzisha mpango maalumu wa kuudhibiti huko mwaka 1983: mbwa kupewa dawa, watu kupimwa na kufanyiwa upasuaji, wafugaji kuelimishwa. Katika Turkana wanawake ndio walioumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaokaa karibu na mbwa nyumbani. Karamoja nchini Uganda na nchi ya Watoposa huko Sudan Kusini zina ugonjwa huohuo. Na mifugo ya kuchinjwa husafiri. Ng'ombe na mbuzi huvuka mpaka wa Oraba kutoka upande wa Kaya, Sudan Kusini, na wa Vurra kutoka upande wa Kongo. Pafu halitaji mnyama alikotoka.

New Zealand, nchi ya kondoo na ya mbwa wakubwa wa kuchunga, ilipambana na tegu huyu kwa sheria ya mwaka 1959 iliyozuia kulisha mbwa viungo vibichi na kulazimisha mbwa kupewa dawa. Ilichukua zaidi ya miaka 40; mwaka 2002 ndipo nchi hiyo ilipotangazwa kwa masharti kuwa huru. Mbwa wao wa kuchunga hawakupoteza kasi kwa kunyimwa mapafu mabichi.

Tegu huyo ana ndugu anayepaswa kumwogopesha kila mfuga mbuzi. Huyo huishi pia kwenye utumbo wa mbwa, lakini kifuko chake hukaa kwenye ubongo wa mbuzi au kondoo. Mnyama huanza kuinamisha kichwa upande mmoja, huzunguka mahali pamoja, huacha kundi, hufa. Kisha kichwa chake hutupiwa mbwa, naye huendelea kupanda mayai malishoni. Familia inayohangaika na mbuzi wanaozunguka huku ikimrushia mbwa vichwa vibichi inaufuga ugonjwa wake yenyewe.

Mzoga na kondo la nyuma

Mnyama aliyejifia ni jambo jingine kabisa. Kati ya Januari 2015 na Agosti 2017 watu wa wilaya ya Arua waliugua kimeta cha ngozi, na waliougua walikuwa wameshika mizoga ya wanyama waliokufa ghafla: kuchuna, kubeba, kukatakata. Mbwa huvumilia kimeta kuliko ng'ombe, na hilo ndilo linalomfanya awe hatari kwa wengine, kwa sababu huufungua mzoga, hutawanya damu na kuburuta mifupa hadi uani. Mbegu za kimeta hukaa kwenye udongo kwa miaka mingi. Mzoga wa kifo cha ghafla haufai kwa mbwa, mbichi wala uliopikwa, kwa sababu hata kuukata ili upikwe ni hatari. Haupasuliwi. Aitwe daktari wa mifugo wa wilaya, uzikwe kwa kina au uchomwe.

Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hii. Kati ya 2016 na 2017, kundi la mbwa wa kuwinda la Kimblewick huko Uingereza lilipatwa na ugonjwa huo, na karibu mbwa mia moja waliuawa. Hao walikuwa mbwa wakubwa wenye afya ya kukimbia maili nyingi, waliozoea kulishwa nyama ya mifugo iliyofia mashambani, na chakula hicho kilishukiwa kuliko kitu kingine chochote. Ikiwa iliwezekana katika nchi ambayo ng'ombe wake hupimwa kifua kikuu mara kwa mara, itakuwaje pasipo na kipimo?

Kondo la nyuma la ng'ombe au mbuzi, ambalo kwa desturi huachiwa mbwa, lizikwe. Mnyama aliyetupa mimba kwa brusela huacha vijidudu vingi mno kwenye kondo hilo, na mbwa huvibeba hadi mlangoni. Nyama ya nguruwe aliyekufa kwa homa ya nguruwe ya Afrika haimdhuru mbwa, lakini mfupa anaoudondosha kwenye banda la jirani unaweza kumaliza nguruwe wote wa kijiji.

Friji si jibu

Wenye uwezo husema watanunua nyama safi ya bucha na kuigandisha. Baridi kali ya siku kadhaa huweza kuua vifuko vya tegu, lakini bakteria huvumilia baridi. Watafiti wa Uholanzi walichunguza bidhaa 35 za nyama mbichi iliyogandishwa ya mbwa na paka, matokeo yakachapishwa mwaka 2018: asilimia 54 zilikuwa na listeria, na asilimia 20 zilikuwa na salmonela. Hizo ni bidhaa za viwandani, zilizofungwa na kuuzwa kwenye majokofu yasiyozimika. West Nile kwa miaka mingi iliishi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea umeme wa kampuni ya WENRECO, na kila mwenye friji Arua anajua maana ya nyama iliyoyeyuka na kuganda tena. Nyama hiyo hukaa rafu moja na maziwa ya mtoto.

Nyama ya misuli iliyokaguliwa, ikitolewa siku ileile ya kuchinjwa, ina hatari ndogo kuliko ini na mapafu. Hata hivyo familia zinazoweza kumpa mbwa kilo moja ya nyama nzuri kila siku ni chache, na kwa nyingine swali hilo halipo.

Chungu cha mbwa

Mapafu, wengu, maini na nyama ya vichwa visivyo na alama ya ugonjwa vinafaa kabisa kwa mbwa wa kazi vikipikwa. Vikatwe vipande vidogo, maji yachemke, kisha vichemke kwa dakika 30 kamili. Muda huo umepimwa na kuonekana kuwa unaua vifuko vya tegu ndani ya ini na mapafu ya kondoo. Kuchoma juu juu kwenye makaa hakutoshi, kwani katikati hubaki mbichi. Ini liwe kidogo, lisizidi sehemu ya kumi ya chakula, kwa sababu vitamini A iliyozidi hukakamaza viungo vya mbwa. Supu isimwagwe, isongewe posho. Mafuta yaliyoelea juu ndiyo nguvu ya kukimbia.

Siku zisizo na nyama, mukene ni mkombozi. Gramu 100 za mukene mkavu zina protini inayozidi gramu 50, na kwa kuwa samaki huyo huliwa na mifupa yake, huleta pia kalsiamu. Aoshwe mchanga, achemshwe na posho, kiongezwe kijiko kimoja au viwili vya mafuta. Samaki aina ya angara mwenye chumvi nyingi hafai mpaka aloweshwe na maji yamwagwe. Mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa ni sumu kwa mbwa kama ilivyo kwa watu.

Kalsiamu inahitaji neno zaidi, kwa sababu watoto wa mbwa wakubwa huharibika hapa. Nyama tupu, mbichi au iliyopikwa, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mtoto wa mbwa wa Kijerumani anayelishwa nyama bila mifupa kwa kupendwa hupata matege, miguu hupinda na mifupa huvunjika akiruka. Ganda moja la yai lililosagwa laini lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na hilo linamtosha mbwa mzima wa kilo 30 kwa siku. Mtoto apewe kwa kipimo cha daktari, maana kalsiamu iliyozidi nayo huharibu mifupa ya mbwa wa ukoo mkubwa kabla ya miezi sita.

Gharama ya kuni haiwezi kupuuzwa. Kuni na mkaa vimepanda bei Arua na Koboko, na miti imepungua kote, yakiwemo maeneo yanayozunguka makazi ya wakimbizi ya Lobule na Rhino Camp. Lakini chungu cha mbwa hakihitaji moto wake peke yake. Hufuata cha familia kwenye mafiga yaleyale moto ukiwa bado upo, kikiwa na kifuniko. Wenye mbwa wa mtaa mmoja wanaweza kupika pamoja siku ya machinjio. Chungu hicho kiwe cha mbwa tu, na sahani yake ioshwe mbali na vyombo vya watu. Waislamu wa Oli na Koboko mjini hawahitaji kufundishwa hili. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo, na desturi hiyo ya kutenga vyombo imekuwa kinga ya nyumba zao.

Mbwa wa kazi asishibishwe kabla ya kukimbia. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wanaweza kujaa hewa tumboni, tumbo likajisokota na kuwaua kwa saa chache. Chakula kigawanywe mara mbili, kikubwa kikitolewa jioni baada ya mapumziko, na maji yawepo wakati wote, hasa Januari na Februari joto linapopita nyuzi 30.

Dawa na uzio

Kupika huzuia tegu wapya. Waliokwisha kuingia huhitaji dawa. Prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, huwaua. Mbwa anayezurura karibu na machinjio anaihitaji kila wiki sita, kabla tegu wapya hawajaanza kutaga. Dawa za kawaida za minyoo ya mviringo hazimgusi tegu huyu, na wauzaji wengi hawalitaji hilo mpaka waulizwe. Siku ya dawa na siku chache zinazofuata mbwa afungwe, na kinyesi chake kizikwe au kichomwe. Siku hiyohiyo achanjwe kichaa cha mbwa.

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo familia haiwezi kuibeba. Machinjio yasiyo na uzio wala shimo la kuzikia viungo vilivyokataliwa hulisha mbwa wote wa mji kila alfajiri, na mama wa Mvara aliyepika kwa dakika 30 hawezi kumzuia mbwa wake asiruke ukuta. Uzio wa waya, lango linalofungwa, shimo refu lenye mfuniko na mkaguzi mwenye mamlaka ya kuhakikisha pafu alilolikata limetumbukizwa humo ni gharama ndogo kwa halmashauri ya jiji la Arua na ya wilaya ya Koboko. Ada hukusanywa kwa kila ng'ombe anayechinjwa, na sehemu yake itengwe kwa ajili ya shimo hilo kabla ya mwaka wa fedha ujao.